Nimemwibia Bibi Sauti, Nimemlia Jirani Nyama Yake

Shangazi Bixenta,

Nakuandikia nikiwa nimejificha ndani ya gari la bendi kwa sababu nyumbani sina raha, nakuomba unisaidie kama unavyowasaidia wengine gazetini, kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana siku hiyo ndiyo tunazindua albamu yetu kwenye uwanja wa pelota, ule mpira wa kupiga ukutani, kijiji kizima kitakuwepo, na mimi ndiye mwimbaji na mpiga kodiani, na kwa jinsi nilivyoyavuruga mambo naona afadhali nivunjike mkono nipate sababu ya kutotokea. Naitwa Lierni, wa nyumba ya Olaberri, na bendi yetu inaitwa Oilo Bustiak, yaani Kuku Walioloa, jina alilotupa baba yangu siku tuliyojikunyata zizini kukwepa mvua badala ya kumsaidia kuingiza majani ya ng'ombe. Tunapiga panki, Shangazi, gitaa la umeme na ngoma za kupasua masikio, lakini kodiani ipo na matari yapo kama walivyopiga wazee wetu, kwa hiyo vijana wanaruka hadi jasho linawatoka na wazee wanaziba sikio moja tu.

Albamu tumeiita Lokatza, Matope, kwa sababu ndiyo tuliyokulia, na wimbo wa kwanza unaanza kwa sauti ya bibi yangu, Amona Kontxesi, akiimba peke yake jikoni, kisha gitaa linaingia na kumfuata. Hapo ndipo lilipo kosa langu. Amona hajui.

Amona ana miaka sabini na nane. Kila asubuhi huketi dirishani akichambua maharage na kuimba beti anazozitunga papo hapo, za kuwacheka watu, padri haponi, mpima maziwa haponi, baba yangu ndiyo kabisa, na nakuapia ana ulimi kuliko wanaume wote wanaopanda jukwaani siku za sherehe kujibizana kwa beti, ila enzi zake mwanamke aliimba jikoni, mlango umefungwa, basi. Siku moja nikamwambia, "Amona, hii ingeingia kwenye santuri." Hakuinua hata macho. "Nyimbo za jikoni ni za jikoni. Shika kisu, menya viazi." Kwa hiyo siwezi kukudanganya kwamba sikujua. Nilijua. Na wiki iliyofuata nikaweka simu nyuma ya mtungi wa chumvi, nikamrekodi.

Na kati ya beti zote alizonazo, siku ile akaimba ya jirani yetu, mzee Inaxio wa Sagastieta, kisa cha ujana wake alipovuka mlima kwenda kuchumbia msichana wa nyumba nyingine, akakutana na mbwa:

Sagastieta kijana, alikwenda kuchumbia,
na kofia mpya sana, mbwa akamkimbilia,
alirudi akinuna, kichwa wazi, analia,
ati upepo wa jana, ndio umemvulia.

Nilipowasikilizisha wenzangu, Eneritz, mpiga matari wetu, alicheka hadi akakaa chini. "Huyu bibi ni panki kuliko sisi wote tukijumlishwa! Tukimwacha nje, sisi ni wapumbavu."

"Lazima nimuulize kwanza," nikasema.

"Muulize basi, nani kakushika mdomo?"

Nikasema nitamuuliza kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa majira mazima ya kiangazi, tukaingia studio, tukatoka, santuri zikachapishwa, na kila nilipofungua mdomo mbele yake nilijikuta nikimuuliza kama kuna supu.

Sasa sikiliza yaliyofuata, na hapa naomba usiniite jina baya. Sina haja ya kukueleza wewe jirani wa kwanza ni nani, lakini naandika ili uone ukubwa wa balaa langu. Sagastieta ndiyo nyumba iliyo karibu nasi, kwa hiyo mtoto akizaliwa kwetu wao huambiwa kabla ya shangazi na wajomba, mtu wetu akifa ni wao wanaotangulia na msalaba mbele ya jeneza, na sisi kwao vivyo hivyo. Na kila mwaka, siku tunapochinja nguruwe, sahani ya kwanza ni yao, soseji za damu, mbavu, kipande cha mnofu wa mgongo, kitambaa cheupe juu. Wao wakichinja, nasi twaletewa. Na sahani hairudi tupu, hurudi na jozi au matofaa au jibini. Tangu nilipoweza kutembea bila kuanguka, mpeleka sahani ni mimi.

Mwaka huu siku ya kuchinja, saa ya chakula, redio ya bondeni ikaupiga wimbo wetu, bila kuniambia, eti ndugu yake Eneritz aliwapelekea mapema ili kututangaza. Kwetu hakuna aliyesikia kwa sababu wote tulikuwa uani na masufuria na moshi. Mimi nilijua kwa simu ya Eneritz, "Tumepigwa redioni! Tumepigwa redioni!", na wakati huohuo Amona ananikabidhi sahani, "Haya, kabla haijapoa, na umsalimie." Nikaenda. Nikafika kwenye kona ya njia, ukuta wa mawe ukinificha hadi mabegani, nikamwona mzee Inaxio amesimama mlangoni kwake, kidole kiko juu, ananiita kwa sauti ya kutisha ng'ombe: "Wewe panki! Njoo hapa! Njoo hapa upesi!"

Shangazi, nilikimbia. Nilikimbia na sahani mikononi hadi jengo la vijana tunakofanyia mazoezi, nikafika nimelowa jasho na mchuzi, na wenzangu wakafunua kitambaa na kuniuliza kama ni ya sherehe ya redio. Sikusema ndiyo, sikusema siyo. Wakakaanga. Tukala. Hata mimi nilikula, na ilikuwa tamu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jioni nikaiosha sahani na kuirudisha kabatini kimyakimya, nikidhani nimemaliza. Amona akaiona. Akaigeuza, akaiangalia kama anayeangalia kiatu cha mtu asiyemjua. "Imerudi tupu?" Nikajifanya natafuta koti. "Inaxio amerudisha sahani yangu tupu? Hata jozi moja? Hata tofaa lililooza?" Na mimi, mwanamke mzima wa miaka ishirini na moja, ninayeimba kwenye kipaza sauti kwamba simwogopi mtu yeyote duniani, nikasema nina mazoezi, nikatoka.

Tangu siku hiyo Amona amefunga dirisha la jikoni linalotazama Sagastieta. Wakikutana njiani na mzee Inaxio kila mmoja anachunguza mlima wake. Juzi mezani alimwambia baba, mbele yangu, "Nikifa, huyo asishike msalaba wangu. Mtafuteni mwingine." Baba akaacha kula. Na kubwa kuliko yote, ameacha kuimba. Maharage anachambua kimya, yanadondoka kwenye bakuli, to, to, to, na mimi nasikia kila moja.

Sasa nifanye nini? Nikimwambia habari ya sahani itabidi nimwambie habari ya wimbo. Nisipomwambia, Jumamosi ataisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika kubwa mbele ya kijiji kizima, yeye ambaye hajawahi kuimba mbele hata ya mpima maziwa. Eneritz anasema tumpeleke siku hiyo kwa dada yake baba, mbali, asisikie. Mimi nampenda Amona kuliko bendi, kuliko kodiani yangu, na naogopa akijua hataniimbia tena maisha yangu yote.

Wako,
Lierni wa Olaberri

*

Lierni wa Olaberri,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka hadi paka akahama chumba. Mara ya pili nilitamani ungekuwa karibu nikufinye sikio.

Lakini kwanza pumua, mwanangu. Pumua kabisa, kwa sababu nina habari zako ambazo wewe mwenyewe huna. Siku mbili kabla ya barua yako simu ya hapa gazetini ililia, nikapokea, na mtu akaanza kunipigia kelele kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Alikuwa mzee Inaxio wa Sagastieta. Alidhani mimi ndiye ninayepokea matangazo. Nilipomwambia mimi ni wa barua za ushauri akasema, "Vizuri zaidi, nina shida." Na nilipomuuliza baada ya barua yako kama naweza kukueleza aliyoniambia, alinijibu, "Eleza, chapisha, bandika mlangoni pa kanisa! Nina miaka themanini na sita, nani atanifanya nini?"

Basi sikiliza. Wimbo ameusikia. Ameupenda. Alitaka kujua santuri inauzwa wapi, ingawa alikiri hana cha kuichezea. "Mbwa ni kweli," aliniambia, "kofia ni kweli, uongo wa upepo ni kweli. Ila sikulia! Andika hivyo, sikulia hata chozi moja. Nilimwita yule binti nimwambie hivyo, akatimua mbio kama kuku kweli."

Umeona? Ulimkimbia mtu aliyekuwa anataka kukusahihishia mstari mmoja.

Shida yake haikuwa wimbo. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, ya mtu mwingine kabisa: "Wewe mama unayejua mambo ya watu, niambie, Olaberri nimewakosea nini? Hakuna tuliyegombana naye, hakuna ng'ombe aliyevuka mpaka, na mwaka huu nyama haikuja. Hata mwaka wa njaa, nilipokuwa mtoto, sahani ilikuja na kipande kama kidole." Halafu akaniambia kwamba miaka yote hii, asubuhi, hupalilia upande wa bustani ulio chini ya dirisha la Kontxesi, hata pasipo na magugu. Sasa dirisha limefungwa. "Karoti zangu sasa ni safi," alisema, "lakini sina la kusikiliza."

Kwa hiyo, Lierni, beti haikumuumiza mtu. Aliyeumiza watu ni wewe, kwa miguu yako. Uliogopa ugomvi ambao haukuwepo, ukaenda ukautengeneza kwa mikono yako na kuula na vitunguu. Nyumba mbili zilizozikana kwa vizazi, kila moja inalala ikidhani nyingine imeikata, na mtu mmoja tu bondeni anayejua ukweli amejificha ndani ya gari. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe tofali la kwanza umeshaweka.

Na usijifariji kwamba wimbo sasa si kosa kwa kuwa mzee amecheka. Wimbo una mwenyewe, na mwenyewe si Inaxio. Ulimwambia Amona unaitaka sauti yake, akakwambia hapana, ukaichukua nyuma ya mtungi wa chumvi. Nyinyi vijana mnapiga kelele jukwaani kuhusu wenye nguvu wanaochukua vya wanyonge bila kuuliza. Sawa, pigeni. Lakini anza na jikoni kwenu.

Utafanya hivi. Leo, ukimaliza kusoma, usingoje kesho, maana kesho zako tumeshaziona, nenda kwa Amona akiwa peke yake. Eneritz asije, na wazo lake la kumpeleka bibi kwa shangazi alifunge kamba alitupe mtoni. Anza na sahani, kwa sababu hiyo ndiyo inayomnyima usingizi. Sema nilikimbia, tukala, jirani hakuipata. Usiseme "kulitokea mambo". Ukimaliza hilo, mwekee wimbo, wote, pamoja na makelele yenu, na wakati unapiga, nyamaza. Usimweleze. Usimsifu. Akitaka uondolewe, unaondolewa, na santuri zinabaki kwenye maboksi hadi mchapishe nyingine. Na usithubutu kumwambia "lakini zimeshachapishwa". Hiyo si sababu, hiyo ni kumfunga mtu mikono.

Kisha mwombe sahani nyingine, uipeleke Sagastieta kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, na umwambie mzee mwenyewe kwamba ya kwanza mliila. Mtu akiliwa nyama yake ana haki ya kujua kama ilikuwa tamu.

Mwisho, hili nalo ni sharti. Kwetu kumcheka mtu kwa beti hakukuwa dhambi hata siku moja. Dhambi ni kumcheka na kumziba mdomo, na santuri haimpi mtu nafasi ya kujibu. Mzee Inaxio ana beti yake ya jibu, aliniambia iko tayari, alikataa kuniimbia kwa sababu si mimi niliyemchokoza. Kama Amona atakubali wimbo ubaki, basi Jumamosi kabla hamjaanza kelele zenu, mpeni mzee kipaza sauti. Na kiti kizuri.

Umeogopa vya kutosha. Simama uende.

Shangazi Bixenta

*

(Jibu hilo nilimpelekea Lierni nyumbani kwanza. Baada ya uzinduzi aliniandikia tena, na wote wanaohusika wameruhusu yachapishwe pamoja, kwa majina yao.)

Shangazi Bixenta,

Nilienda. Nilisoma jibu lako nikiwa nimesimama kando ya sanduku la barua, nikaingia ndani na koti langu, Amona yuko mezani na maharage yake, nikasema yote ya sahani bila kupumua. Aliweka bakuli kando. Kisha akachukua kitambaa cha vyombo akanichapa nacho begani, mara moja, kwa nguvu zake zote, ambazo si haba.

"Siku zote hizi namtukana yule mzee mbele ya Mungu," alisema, "kwa sababu ya matumbo yenu? Nimeshamwambia mwanangu nani asinizike! Wewe mtoto, una akili kweli?"

"Sina, Amona."

"Huna. Endelea. Uso wako unasema bado kuna kingine."

Nikamwekea wimbo. Nilinyamaza kama ulivyoniamuru, na haikuwa rahisi. Sauti yake ilipoanza aliacha maharage. Gitaa lilipoingia alifumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, lakini hakuniambia nizime. Ulipokwisha akasema, "Rudia." Nikarudia. Kisha akasema, "Pale kwenye 'analia' si kweli. Hakulia. Nilikosa kina."

Nikaanza kucheka, yeye hakucheka, nikaacha.

"Ungeniuliza," akasema.

"Ulishakataa, Amona. Na ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa. Halafu ungeniuliza tena. Mtu huulizwa mara ya pili, Lierni. Mara ya kwanza anajibu na woga wake."

Hapo nililia, Shangazi, nakwambia waziwazi, nililia mimi na sio Inaxio, na yeye akanisogezea kitambaa kilekile alichonichapa nacho. Nilipoweza kuongea nikamuuliza mara ya pili. Akasema, "Kwanza sahani."

Tulikwenda wote wawili. Mimi nimebeba, yeye ametangulia amevaa kanzu yake ya kanisani. Mzee Inaxio alifungua mlango, akatazama sahani, akamtazama Amona, akanitazama mimi.

"Ya kwanza tuliila, mzee Inaxio. Mimi na bendi. Naomba unisamehe."

"Ilikuwaje?"

"Tamu sana."

"Naamini. Kontxesi hakosei chumvi." Kisha akamgeukia Amona. "Mimi nilidhani mmenichoka."

"Na mimi nilidhani umenirudishia sahani tupu, mzee mshenzi wewe," akasema Amona, na wakashikana mikono wakabaki hivyo mlangoni, mimi na nyama yangu tumesahauliwa. Tulirudi na jozi nyingi hadi mfuko ukachanika. Njiani Amona akasema, bila kugeuka, "Haya. Wimbo ubaki." Nilihisi kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni, sikujua kama nakanyaga matope au hewa.

Jumamosi uwanja ulijaa. Tulimweka mzee Inaxio kwenye kiti mbele, na Amona safu ya pili kati ya baba na mama, kwa sababu alisema jukwaani hapandi hata kwa bunduki. Eneritz akampa mzee kipaza sauti. Akavua kofia, akasimama, watu wakanyamaza wote, na akaimba kwa sauti iliyokwaruza lakini haikukosa pigo hata moja:

Kontxesi wewe jirani, kofia sikulilia,
mbwa alifungwa bandani, mimi nilipofikia,
aliyemtoa nani, mnyororo kaachia?
Miaka yote moyoni, jibu nimesubiria.

Watu walipiga makofi na kupiga miluzi, nami nikaweka vidole kwenye kodiani tuanze, lakini Eneritz akanishika mkono. Amona alikuwa amesimama. Amejishikilia kwenye kiti cha mbele yake, hana kipaza sauti, uso mwekundu. Hapo ndipo nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kukifikiria, kwamba nyumba aliyokwenda kuchumbia mzee ni nyumba aliyozaliwa Amona, ng'ambo ya mlima, kabla hajaolewa kwetu, na msichana alikuwa dada yake mkubwa. Amona akaimba, kwa sauti ileile ya jikoni, mbele ya kijiji kizima:

Jirani usingojee, jibu lako nakwambia,
mbwa acha nimtetee, ni mimi nilimwachia,
dadangu aselelee, asije kunikimbia,
nawe usinikemee, kofia nitalipia.

Shangazi, sijawahi kusikia kelele kama ile, na mimi napiga panki. Mzee Inaxio alianza kucheka, akacheka hadi wakambembeleza aketi, na alikuwa akifuta macho na kofia. Sisi tulisimama na magitaa yetu hakuna anayetukumbuka. Baadaye tulipiga nyimbo zote za albamu na watu waliruka vizuri, lakini kila mtu aliyekuja kununua santuri aliuliza kwanza kama beti ya jibu imo. Haimo. Eneritz ameshasema itabidi ije nyingine.

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza Amona kuhusu dada yake. "Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, sikuwa na mwingine wa kulala naye kitanda kimoja," akasema. "Na bado alikimbia. Akaenda Amerika na mchunga kondoo, hakurudi tena. Ningemwacha aolewe na Inaxio, ningekuwa naye hapo karibu maisha yangu yote." Kisha akanishika mkono kwa sababu njia ilikuwa na utelezi. "Kwa hiyo unaona. Kufunga na kufungua bila kuuliza watu, kwetu si wewe uliyeanza."

Asubuhi hii dirisha liko wazi, baridi yote inaingia ndani na baba analalamika. Amona anaimba kwa sauti kubwa kuliko zamani kwa sababu mzee Inaxio amemwambia sikio lake la kulia halisikii vizuri. Beti aliyoitunga leo inanihusu mimi, na ni kali, na nzuri kuliko zote. Nilitaka kukuandikia hapa, lakini bado sijamuuliza.

Wako aliyepona,
Lierni